India na Pakistan: mkataba wa maji ya mto Indus unasemaje hasa?

Wadau, kila India na Pakistan wakianza kutunishiana misuli, utasikia watu wakidai India itaifungia Pakistan maji. Mimi nasema si rahisi hivyo, ila hatari ipo. Nianze na historia kidogo.

Mwaka 1947 mpaka mpya ulipita katikati ya mifereji ya umwagiliaji ya Punjab. Milango ya kufungulia maji ikabaki India, mashamba mengi yakabaki Pakistan. Aprili 1, 1948 India wakafunga. Maji yalirudi baada ya mazungumzo, lakini Pakistan hawajasahau mpaka leo.

Benki ya Dunia ikaingia kati kusuluhisha. Septemba 19, 1960, Nehru wa India na Ayub Khan wa Pakistan wakasaini mkataba mjini Karachi.

Ujanja wake ni huu: hawakugawana maji, waligawana mito. India ilipata ya mashariki: Ravi, Beas na Sutlej. Pakistan ilipata ya magharibi: Indus yenyewe, Jhelum na Chenab, ambayo ni kama asilimia 80 ya maji yote. Kwenye hiyo ya magharibi India inaruhusiwa kuzalisha umeme, ila kiasi cha maji ya kuhifadhi kimewekewa kikomo. Kila nchi ina kamishna wake, na wanatakiwa wakutane angalau mara moja kwa mwaka na kupeana takwimu za mito.

Walipigana 1965, 1971 na 1999, mkataba ukabaki palepale. Lakini Aprili 22, 2025 watu 26 waliuawa Pahalgam, Kashmir. India wakailaumu Pakistan na kesho yake wakatangaza kuusimamisha mkataba. Pakistan wakakana kuhusika, wakasema kuzuia maji yao ni sawa na kutangaza vita.

Sasa je, India wanaweza kufunga? Kwenye mito ya magharibi hawana mabwawa ya kutosha kuzuia maji yote, na kuyajenga ni kazi ya miaka. Ninachokiogopa mimi ni zile takwimu. Mkulima wa Pakistan asipojua maji yatapungua lini wakati wa kupanda, au mafuriko yanashuka lini, ameshaumia hata kama mto haujafungwa.

Ndiyo maana naona kusimamisha mkataba si maneno matupu. Nyie mnaonaje?