Mawe makubwa ya vito: utajiri wake hubaki mikononi mwa nani?

Nyundo, tarafa ya Wilaya ya Rubavu yenye Kanisa Kuu la Jimbo Katoliki karibu na mto Sebeya, ina jina ambalo Mnyarwanda na Mswahili wote hulielewa bila mkalimani: ni chombo cha kugongea mwamba. Kutoka hapo hadi mpaka wa Goma si mwendo mrefu, na habari za madini huvuka mpaka huo kila siku pamoja na vitenge na mboga. Habari inayosikilizwa kuliko zote ni ile ya mtu wa kawaida aliyeokota jiwe moja, akaamka bilionea.

Habari ya namna hiyo si hekaya tupu. Mnamo Juni 2020, mchimbaji mdogo Saniniu Laizer wa Mirerani, mkoani Manyara nchini Tanzania, aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti, moja lenye uzito wa zaidi ya kilo 9 na jingine la zaidi ya kilo 5. Alilipwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7 za Tanzania, karibu dola milioni 3.4 za Marekani. Kabla ya hapo, jiwe kubwa kuliko yote lililokuwa limepatikana mgodini humo lilikuwa na kilo 3.3. Rais John Magufuli alimpigia simu hafla ikiendelea kumpongeza, na Laizer, mfugaji mwenye wake wanne na watoto zaidi ya 30, akasema atachinja ng'ombe mmoja na kujenga shule wilayani Simanjiro. Agosti mwaka huohuo alirudi na jiwe la tatu, la kilo 6.3, akalipwa shilingi bilioni 4.7.

Hesabu yenyewe inafunza jambo. Karati moja ni gramu 0.2, hivyo mawe yale mawili yalikuwa na zaidi ya karati 70,000. Ukigawanya malipo kwa uzito huo, Laizer alipata chini ya dola 50 kwa karati, ilhali tanzanaiti safi iliyokwisha kukatwa huuzwa dukani kwa mamia ya dola kwa karati moja. Si kwamba alidhulumiwa. Jiwe ghafi hupoteza sehemu kubwa ya uzito wake likikatwa na kung'arishwa, hasa likiwa na nyufa ndani, na tanzanaiti nyingi hupashwa moto kwanza ndipo ipate rangi ya buluu inayotafutwa na wanunuzi. Hata hivyo, kila hatua kati ya shimo na duka ina mtu wake anayelipwa, na mara nyingi mtu huyo yuko mbali sana na shimo.

Mtu wa kwanza kuhusishwa na ugunduzi wa tanzanaiti mwaka 1967, Mzee Jumanne Ngoma, aliijua hali hiyo kwa uchungu. Kampuni ya Tiffany ya New York ilianza kulinadi jiwe hilo mwaka 1968, likapata umaarufu wa dunia. Yeye alisubiri hadi Aprili 2018, Magufuli alipozindua ukuta wa kilomita 24 uliojengwa na jeshi kuzunguka migodi ya Mirerani ili kuzuia magendo, ndipo akaahidiwa shilingi milioni 100. Alifariki dunia Januari 2019.

Kutoka kifusi hadi mkufu

Huko Mbuji-Mayi, Kongo, msichana mdogo alikuwa akicheza kwenye kifusi cha mgodi katika miaka ya 1980 alipookota almasi ya karati 890. Alimpa mjomba wake, mjomba akawauzia madalali, nao wakaipitisha kwa wanunuzi wengine hadi ikafika Antwerp, Ubelgiji. Almasi kubwa iliyochongwa kutoka jiwe hilo ina karati 407.48. Mwaka 2013 ilitundikwa kwenye mkufu wa kampuni ya Mouawad uliotajwa kuwa na thamani ya dola milioni 55. Jina la msichana yule halimo katika simulizi za mkufu huo.

Sierra Leone ilijaribu njia nyingine. Almasi ya karati 709 iliyopatikana wilayani Kono mwaka 2017 ilikabidhiwa serikali na mwenye leseni, mchungaji Emmanuel Momoh, badala ya kupitishwa kwa magendo. Mnada wa Freetown ulileta dau la karibu dola milioni 7.8, likakataliwa kwa kuwa dogo. Desemba mwaka huohuo jiwe likauzwa New York kwa dola milioni 6.5. Subira, katika biashara hii, haivuti heri kila mara.

Thamani ya karatasini

Hatari kubwa zaidi kwa asiye mtaalamu ni bei iliyoandikwa tu. Kampuni ya ujenzi ya Wrekin, nchini Uingereza, iliweka katika vitabu vyake vya hesabu jiwe la rubi la zaidi ya kilo 2, lililopewa jina la Kito cha Tanzania, kwa thamani ya pauni milioni 11. Kampuni ilianguka Machi 2009, na wafanyakazi zaidi ya 400 wakapoteza ajira. Hati ya uthamini ilibainika kuwa ya kughushi. Mwaka 2010 jiwe liliuzwa kwa takriban pauni 8,000.

Nchini Rwanda, madini yanayoingiza fedha nyingi si vito bali ni dhahabu, pamoja na bati, koltani na wolframi, ingawa yakuti samawi hupatikana kusini-magharibi, upande wa Rusizi. Kisheria, madini yaliyo ardhini ni mali ya taifa, hata yakiwa chini ya shamba la mtu. Leseni za kuyachimba na kuyauza husimamiwa na Bodi ya Migodi, Mafuta na Gesi, RMB, iliyoundwa mwaka 2017, na anayechimba au kununua bila leseni hukabiliwa na faini na kifungo. Kwa mkazi wa Nyundo anayeoneshwa jiwe linalong'aa na mtu aliyevuka mpaka, swali la leseni hutangulia swali la bei.