Mtengeneza programu akija kukuhoji: mazungumzo au dodoso?

Wasikilizaji wetu wengi wako kwenye vikundi vya kuweka na kukopa au vyama vya ushirika, na siku hizi si ajabu kijana mwenye kompyuta akafika kijijini akisema anatengeneza programu ya simu ya kutunza hesabu zenu. Kabla ya kuiandika, lazima aulize kazi yenu inaendaje. Akiuliza vibaya, mtapewa programu nzuri kwa macho ambayo mtunza hazina ataiacha baada ya wiki mbili na kurudi kwenye daftari.

Njia za kuuliza ni mbili. Mahojiano huria ni mazungumzo: swali linalofuata hutokana na jibu lililotangulia. Mahojiano yaliyopangwa ni maswali yale yale, kwa mfuatano ule ule, kwa kila mtu. Sisi wa redio tunazitumia zote, na tunajua kila moja ina siku yake.

Ubaya wa dodoso ni kwamba huuliza yale tu ambayo aliyeliandika ameshayawaza. Chukua M-Pesa. Ilipojaribiwa Kenya kuanzia Oktoba 2005, kwa wateja wapatao 500, lengo lilikuwa kuwasaidia wakopaji wa taasisi ya Faulu kurejesha mikopo kwa simu. Katika majaribio ikaonekana watu wanaitumia kwa mambo mengine kabisa. Wengine walituma pesa kwa ndugu, wengine waliweka fedha kabla ya safari na kuzitoa walikofika, na wafanyabiashara waliitumia kuhifadhi mauzo ya siku wakati benki zimeshafungwa. Ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, kilichotangazwa mbele ni kutuma pesa nyumbani. Dodoso la maswali ya mikopo peke yake lisingeyagusa hayo.

Kwa hiyo mtu mgeni kwenye kazi yenu aanze na mazungumzo, tena penye kazi yenyewe. "Nionyeshe unavyoandika hisa" humpa mengi kuliko "niambie". Hapo ndipo ataona kwamba simu moja inatumiwa na watu watatu, au kwamba faini huandikwa nyuma ya daftari.

Lakini mazungumzo nayo yana udhaifu. Mwenye maneno mengi ndiye anayesikika, na ukiongea na watu kumi kwa namna kumi huwezi kulinganisha majibu. Chama chenye vituo ishirini vya kukusanya maziwa kinahitaji maswali yaliyopangwa: lita ngapi kwa siku, nani anapima, mtandao unashika au haushiki. Watengenezaji wengi huchanganya, yaani maswali machache ya lazima na nafasi ya kuchimba jibu linaloshangaza. Kwa maoni yetu huo ndio mpango unaofaa vikundi vingi.

Jihadhari na swali kama "Je, ungependa programu ya kukurahisishia kazi?" Nani atasema hapana? Afadhali akuulize mara ya mwisho hesabu zilipogoma mlifanyaje. Na mwenyekiti akiwa amekaa pembeni, wanachama hawatasema mkopo gani haujalipwa, basi ombeni wahojiwe mmoja mmoja.

Kabla hajaondoka, mwambie akusomee alichoandika. Kisha mkubaliane siku atakayoleta programu ya majaribio, ikiwezekana siku ya kikao, mtunza hazina aishike mwenyewe.