Shamba la Mkimbizi, Mitende ya Madina na Msitu wa Nyungwe



Tulipofika katika somo la sira kwenye habari za Muhajirina na Answari, vijana walituuliza: mtu akikimbia vita akaacha shamba, kisha akarudi akalikuta linalimwa na mwingine, shamba ni la nani? Hapa Rusizi, ambako wazee bado wanapaita Cyangugu, swali hili si la Madina peke yake.

Waliokimbia walikuwa makundi mawili. Kundi la kwanza lilitoka kuanzia mwaka 1959, likaenda Kongo, Burundi, Uganda na Tanganyika. La pili lilitoka mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Cyangugu ilikuwa ndani ya eneo la jeshi la Ufaransa, Operesheni Turquoise, na jeshi hilo lilipoondoka mwezi Agosti watu kwa maelfu walivuka mto Rusizi kwenda Bukavu. Basi kundi la kwanza likawa linaingia nchini huku la pili linatoka, na wengi wa hao wa pili wakarudi mwishoni mwa 1996 kambi za Zaire zilipovunjwa. Shamba moja likaweza kuwa na wadai wawili, na kila mmoja akasema kweli.

Mkataba wa Arusha wa 1993 ulikwisha liona jambo hili. Itifaki yake ya wakimbizi ilikubali haki ya kila anayerudi juu ya mali yake, lakini ikapendekeza kuwa aliyetoka zaidi ya miaka 10 iliyopita asidai shamba lililokwisha kushikwa na wengine, bali serikali imtafutie ardhi nyingine. Nyingine ya wapi, katika nchi ndogo kama hii? Kibungo na Umutara watu waliambiwa wagawane mashamba. Na sehemu nyingine ikatoka porini. Mwaka 1997 hifadhi ya Akagera ilipunguzwa, ikapoteza zaidi ya nusu ya eneo lake. Gishwati, msitu uliokuwa na hekta kama 28,000 miaka ya 1970, ambao ulikwisha kukatwa sana kwa miradi ya ng'ombe na misonobari kabla ya vita, ulibakiwa na hekta kama 600 tu baada ya watu kupewa makazi humo. Milima ikabaki uchi, na mvua ikaanza kuporomosha udongo juu ya hao hao waliopewa.

Sasa turudi Madina. Answari walimwomba Mtume (s.a.w.) awagawie Muhajirina nusu ya mitende yao. Akakataa. Wakakubaliana Muhajirina wasaidie kazi na wote washirikiane mavuno. Wako Answari waliotoa mitende yao wenyewe kwa hiari, na baada ya Khaybar, mwaka wa 7 Hijria, Muhajirina walipopata mali yao, waliwarudishia, mama yake Anas bin Malik, Ummu Sulaym (r.a.), alirudishiwa yake. Mgeni alipata riziki, na mwenye mti hakupoteza mti. Sisi tunaona kugawana kwa Kibungo kulizuia damu nyingine, lakini aliyekatiwa shamba bila fidia naye alitoa sadaka kubwa, tena hakuulizwa. Madina walikuwa na Khaybar. Rwanda haikuwa na Khaybar, ndiyo maana msitu ukafanywa Khaybar.

Nyungwe wetu ulisalimika. Ulihifadhiwa tangu 1933, na mwaka 1994 wakubwa wa mradi wa hifadhi walipoondoka, wafanyakazi wa ngazi ya chini, Wanyarwanda, walibaki wakiulinda. Watu hawa hawasifiwi vya kutosha. Hata hivyo tembo wa mwisho aliuawa mwaka 1999. Ukawa hifadhi ya taifa mwaka 2005, pamoja na kipande cha Cyamudongo kilichoko wilayani kwetu chenye sokwe, na mwaka 2023 UNESCO ikauandika katika urithi wa dunia. Mvua ya upande mmoja wa milima yake huenda Nile, ya upande wetu huenda Kongo.

Kuhifadhi ardhi si jambo geni katika dini. Mtume (s.a.w.) aliweka hima, malisho yaliyolindwa, huko Naqii. Sayyidna Umar (r.a.) alipomweka Hunayy kusimamia hima, alimwagiza awaruhusu wenye kondoo na ngamia wachache, na awazuie matajiri, akiwataja kwa majina Abdurrahman bin Awf na Uthman bin Affan, kwani tajiri mifugo yake ikifa ana mashamba ya kurudia, na maskini atakuja mlangoni na watoto wake. Jirani wa Nyungwe aliyezuiwa kuni na asali ndiye maskini huyo. Tangu 2005 serikali hutoa sehemu ya mapato ya utalii wa hifadhi kwa majirani, asilimia 5 mwanzoni na 10 tangu 2017, na fedha hizo hujenga shule, zahanati na mabomba ya maji. Shule ni ya wote, ya mwenye ng'ombe kumi na ya mjane aliyekuwa akiokota kuni humo msituni. Huyo mjane Hunayy angemfungulia kwanza.

Wabillahi tawfiq.