Tableti ya Windows Ikikataa Kuanza kwa Flashi: Kagua Haya Kabla ya Kuifuta

Tableti ya Windows ikikwama kwenye nembo na isifungue, dawa ya kawaida ni kuiwasha kwa flashi yenye mfumo wa kuirekebisha. Taabu huanza flashi nayo inapokataliwa. Hapo wengi hushauriwa kuifuta au kuitupa. Aghlabu tableti haijafa. Kuna jambo moja dogo halijakaa sawa. Fuata mpango huu, kutoka jepesi hadi zito.

Ni tableti ya aina gani?
Maelezo haya ni ya tableti za Windows zenye prosesa ya Intel au AMD. iPad na tableti za kawaida za Android hazirekebishwi kwa njia hii. Hata Surface RT ya mwaka 2012, ijapokuwa ni ya Microsoft, yatumia prosesa ya ARM, na flashi ya Windows ya kawaida haitaifungua.

Tafuta ufunguo wa BitLocker kwanza
Tableti nyingi hufunga mafaili yake kwa BitLocker bila mwenyewe kujua. Ukibadilisha mipangilio ya ndani, yaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48, na usipokuwa nao, picha za harusi na hesabu za duka zitabaki humo zimefungwa. Kwa hiyo, kabla ya kugusa chochote, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu au kompyuta nyingine, tafuta ufunguo huo na uuandike karatasini. Ikiwa tableti ni ya kazini au ya shule, waulize wanaoisimamia.

Chaji na waya
Ichaji vya kutosha. Tableti yenye tundu dogo la micro-USB huhitaji kebo ya OTG. Waya wa kuchajia hautoshi. Ikiwa tundu ni moja, tumia habu yenye umeme wake, uchomeke flashi pamoja na kibodi, kwani baadhi ya tableti hazipokei kidole kwenye menyu za mwanzo. Jaribu pia flashi nyingine.

Flashi yenyewe
Kunakili faili la ISO na kulibandika kwenye flashi hakutoshi. Tumia programu ya Microsoft ya kutengenezea flashi, inayohitaji flashi ya GB 8 au zaidi, ama Rufus. Kwenye Rufus chagua GPT na UEFI. UEFI ni ile programu ndogo ya ndani iamkayo kwanza na kuamua mfumo upakiwe kutoka wapi. Fomati iliyo salama zaidi ni FAT32, kwani UEFI nyingi hazisomi NTFS. Lakini FAT32 haibebi faili moja lifikalo GB 4, na hapo ndipo flashi nyingi za kujitengenezea huharibikia.

Vitufe
Kwenye Surface, izime kabisa. Shikilia kitufe cha kupunguza sauti, bonyeza na uachie cha kuwashia, kisha endelea kushikilia kile cha sauti mpaka uone vitone vikizunguka. Kuingia kwenye UEFI, fanya vivyo hivyo kwa kitufe cha kuongeza sauti, ukiendelea kukishikilia mpaka skrini ya UEFI itokee. Tableti za kampuni nyingine hutofautiana. Tazama kitabu chake. Ikiwa Windows bado yafunguka, shikilia Shift huku ukibofya Restart, kisha uchague "Use a device".

Secure Boot
Huyu ni bawabu: haruhusu flashi isiyo na saini inayotambulika. Flashi halisi ya Windows hupita bila kumwondoa. Ukilazimika kumzima, uwe na ufunguo wa BitLocker mkononi, na umrudishe ukimaliza.

Biti 32 na biti 64
Hapa ndipo hata mafundi hukwama. Tableti nyingi za bei nafuu za miaka ya 2013 hadi 2015, zenye Intel Atom kama Z3735F, zina prosesa ya biti 64 lakini UEFI ya biti 32. Dalili yake: flashi yaanza vizuri kwenye laptopu, kwenye tableti haionekani kabisa. Fungua flashi, ingia folda ya EFI, kisha Boot. UEFI ya biti 32 hutafuta faili liitwalo bootia32.efi, ya biti 64 hutafuta bootx64.efi. Faili lake lisipokuwepo, flashi hupitwa kana kwamba haipo. Dawa ni flashi ya Windows 10 ya biti 32, kwa kuwa Windows 11 haina toleo hilo. Ila Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo usiitegemee tableti hiyo kwa mambo ya pesa.

Flashi ikikubali
Usikimbilie kubofya kitufe cha kusakinisha upya. Jaribu kwanza kurekebisha mwanzo wa Windows kupitia "Startup Repair", ama nakili mafaili yako kwenye diski ya nje. Kufuta kuwe kwa mwisho.

Na ukiamua kwenda kwa fundi, muulize mawili kabla ya kumwachia: flashi yake ni ya biti ngapi, na mafaili yako atayahifadhi wapi kabla hajafuta? Asiyekuwa na jibu la swali la pili, ondoka na tableti yako.