Kusoma na Kuishi: Somo la Historia ya Pwani Yetu



Vijana wengi waliomaliza skuli wana lalamiko moja. Wasema: "Tumesomeshwa mito na milima ya ulimwengu, tukapasi mitihani, lakini hatukufunzwa namna ya kuandikiana deni, wala kuutumia mshahara ukafika mwisho wa mwezi, wala kuusoma mkataba kabla ya kuutia sahihi, wala kazi ya mkono." Baadhi ya wazee huona maneno haya ni utovu wa shukrani. Yafaa kwanza tuyapime kwa mizani ya historia, kwani lalamiko hili ni kongwe kuliko vijana wenyewe.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, yakhusu deni: liandikwe, muda wake utajwe, mwandishi awe muadilifu, na mashahidi wawepo, liwe dogo au kubwa. Naye Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111 Miladia), katika kitabu chake Ihyaa aliutia utabibu, hisabu, ukulima, ufumaji na ushoni katika fardhi kifaya: mji ukikosa wa kuzifanya kazi hizo, lawama ni ya wote. Akawashangaa wanavyuoni wa zama zake waliosongamana kwenye mijadala ya fiq-hi, na hali miji mingi haikuwa na tabibu Muislamu.

Wazee wetu wa pwani waliifuata njia hii. Mtoto alisoma chuoni kwa mwalimu, kisha akaandamana na baba au mjomba kujifunza kuunda jahazi, kuchonga mlango au kushona kofia. Mwana Kupona binti Msham wa Siyu, alipokuwa mgonjwa mwaka 1858, alimtungia binti yake utendi wenye mafunzo ya dini, adabu, ndoa na kuishi na watu. Hakungojea mwengine amfunze mwanawe.

Lakini mafunzo mengi hayo yalikuwa ya mdomo na mkono, na dunia ikageuka ikawa ya karatasi. Mwaka 1908 serikali ya Kiingereza ilitoa sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa pwani. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa apeleke madai yake, ayathibitishe, apewe hati. Isiyodaiwa ikawa mali ya Serikali ya Mfalme. Waliojua maandishi na wenye uwezo wa kuyafuatilia walipata hati. Wengi ambao ushahidi wao ulikuwa mnazi wa babu na neno la jirani walitoka mikono mitupu, na vizazi vyao hata leo huitwa maskwota. Sheria ile ilikuwa na dhulma ndani yake, hilo halina shaka. Lakini dhulma humpata upesi zaidi asiyejua kuisoma.

Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) aliuona msiba huu. Katika gazeti lake Al-Islah, alilolianzisha Mombasa mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu kuishika dini na wakati huohuo kutafuta elimu ya maisha, wanaume na wanawake. Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na serikali ya Uingereza walichanga fedha kwa ajili ya chuo cha ufundi cha Waislamu wa Afrika Mashariki. Chuo hicho, MIOME, kilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1951. Mwaka 1966 kikawa chuo cha ufundi cha watu wote, mwaka 1972 kikaitwa Mombasa Polytechnic, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Serikali ya Kenya nayo imelijaribu jambo hili. Mfumo wa 8-4-4 wa mwaka 1985 ulitia ufundi, ukulima na sayansi ya nyumbani katika masomo, kisha mengi yakapunguzwa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kujaribiwa mwaka 2017, wakusudia tena kumfunza mtoto kutenda.

Basi, msomaji, historia yatwambia nini? Kwamba skuli hubadilika kila serikali inapobadili rai, lakini nyumba ina mafunzo yake isiyoweza kumwachia mwengine. Siku ya kulipa karo, mwite mwanao aone pesa zimetoka wapi na zimebaki ngapi. Ukikopa au ukikopesha, hata kwa ndugu, mpe kalamu yeye aandike, na mashahidi watie sahihi. Mtoe sandukuni hati ya nyumba au ya shamba, asome mipaka yake na jina la mwenyewe. Na kama jina ni la babu aliyekufa na mirathi haijagawanywa, nendeni pamoja kwa Kadhi, kabla hajatokea mwengine mwenye karatasi. Na wakati wa likizo mpeleke kwa fundi, mvulana na msichana, ajue uzito wa shilingi.

Mtoto aliyefunzwa haya hatakuwa na la kuilaumu skuli, wala wazazi wake. Na baba atakayeulizwa kesho mbele ya Mola wake juu ya amana ya watoto, atakuwa na jawabu.

Wabillahi tawfiq.