Sanduku la Chaki Halikutoka Lugalo

Mhariri ameniomba niandike habari za historia kwa ajili ya mkutano wetu. Nimeona nianze na kitu ambacho kila aliyewahi kutumwa chaki na mwalimu amekishika kwa mikono yake, nalo ni lile sanduku la chuma la rangi ya kijani lililokuwa stoo, nyuma ya chumba cha walimu.

Sisi tuliomaliza mwaka 1998 tuliambiwa na waliotutangulia kuwa sanduku lile lilikuwa la risasi za Wajerumani, na kwamba lilitekwa na mashujaa wa Mtwa Mkwawa pale Lugalo. Nasi tukawaambia waliotufuata. Hakuna aliyeuliza. Mwaka jana, kamati ilipoamua kuweka kabati la kumbukumbu katika maktaba, pendekezo la kwanza lilikuwa kuliweka sanduku hilo mbele kabisa, na kibao chake kisomeke: "Sanduku la Risasi, Lugalo, 1891". Niliomba kibao kisichongwe kwanza. Baadhi ya ndugu hawakufurahi, na mmoja aliniuliza kama nimetumwa kumpunguzia Mkwawa heshima. Haya ninayoandika ndiyo jibu langu kwake.

Kwanza tuitazame Lugalo yenyewe. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walilivamia jeshi la Emil von Zelewski likiwa katika safari, na kwa muda mfupi sana Zelewski mwenyewe na sehemu kubwa ya watu wake waliuawa. Wahehe waliteka bunduki, mizinga na risasi. Kwa hiyo si uongo kwamba masanduku ya risasi za Wajerumani yaliingia Uhehe mwaka ule. Lakini askari wa Wajerumani wakati huo walitumia bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, yenye risasi nene ya milimita 11 na baruti nyeusi itoayo moshi mwingi. Sanduku lililotoka Lugalo lingekuwa limebeba risasi za namna hiyo.

Sasa tulitazame sanduku letu. Mimi na mwalimu wa historia tulilitoa nje asubuhi, tukalipima kwa rula, tukalipiga picha pande zote sita, kisha tukalimulika kwa tochi kwa upande, si kwa mbele. Mwanga wa upande huonyesha maandishi yaliyofunikwa na rangi. Chini ya rangi iliyopakwa mara mbili au tatu tuliona mambo matatu. La kwanza ni alama ya mshale wenye mistari mitatu, kama unyayo wa kuku. Hiyo ni alama ya mali ya Serikali ya Uingereza. La pili ni tarakimu 303, yaani kipenyo cha risasi ya Kiingereza kwa sehemu za inchi, ambayo ni kama milimita 7.7. La tatu ni mwaka, 1943. Sanduku lililotengenezwa mwaka 1943 haliwezi kutekwa mwaka 1891. Shauri likawa limekwisha kabla ya chai ya saa nne.

Naandika habari hii kwa urefu kwa sababu najua majumbani mwenu, kuanzia Kalenga na Mufindi hadi Rungwe na Chunya, yamo masanduku kama hayo. Mafundi huwekea spana, akina mama huwekea vyeti vya watoto. Anayetaka kulijua lake azingatie mambo machache.

Asisugue kutu kwa msasa, wala asipake rangi mpya, maana ushahidi uko juu ya ngozi ya chuma. Aandike lilipatikana wapi na nani alikuwa nalo kabla yake. Kisha atafute alama ya nchi, kipimo cha risasi na mwaka, na asiridhike na kimoja tu.

Nasema asiridhike na kimoja kwa sababu nchi yetu ya Nyanda za Juu Kusini ina mitego mingi. Chukua maganda ya risasi ambayo wakulima huyaibua kwa jembe. Ganda la Kiingereza la 303 lina ukingo uliojitokeza kwenye kitako, na juu ya kitako mna herufi za kiwanda: K ni kiwanda cha Kynoch, RL ni karakana ya Serikali ya Woolwich. Mengine yalitengenezwa India, katika viwanda vya Dum Dum na Kirkee. Ganda la Mauser ya milimita 7.92 halina ukingo wa namna hiyo, na kitako chake kwa kawaida kina alama za kiwanda, mwezi na mwaka. Mtu akiokota ganda la Kiingereza atasema, "Hapa alisimama askari wa Kiingereza." Pengine ndivyo, pengine sivyo. Kuanzia mwaka 1917 jeshi la von Lettow-Vorbeck lilipigana kwa silaha nyingi lilizoteka kwa Waingereza na Wareno, na liliposalimisha silaha Abercorn, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki zake nyingi zilikuwa za kuteka. Jeshi hilo lilikuwa limepita Ubena majuma machache tu kabla ya hapo. Ganda hukuambia lilitengenezwa wapi. Halikuambii lilifyatuliwa na nani.

Mtego mwingine ni ile Mauser ya zamani. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Wajerumani katika nchi hii walikuwa bado na bunduki ile ile ya mwaka 1871. Hivyo hata risasi nene ya milimita 11 iliyookotwa Uhehe si lazima iwe ya Lugalo. Yaweza kuwa ya mwaka 1916, majeshi ya Jenerali Northey yalipovuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia mwezi Mei, yakaingia Tukuyu, yakapigana Malangali mwezi Julai, na kuingia Iringa mwishoni mwa Agosti.

Mbeya nako kuna mambo yake. Mji wa Mbeya wenyewe ulianza katika miaka ya 1920, kwa hiyo anayekuonyesha sanduku la "boma la Mbeya la mwaka 1916" mwambie afikiri tena. Masanduku ya mbao yatokayo Chunya mara nyingi si ya jeshi hata kidogo. Ni ya baruti za kupasulia miamba katika machimbo ya dhahabu ya Lupa. Na yale yenye maandishi ya Kichina, kuanzia Makambako hadi Tunduma, yanaweza kuwa ya risasi, kwa kuwa jeshi letu lilipata silaha nyingi kutoka China. Lakini pia yanaweza kuwa yalileta vifaa vya ujenzi wa reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Asiyejua kusoma maandishi hayo atafute anayejua, asibahatishe.

Hapa niwaase wadogo zangu jambo moja. Sanduku tupu ni kumbukumbu. Risasi ambayo haijafyatuliwa ni hatari, hata ikiwa na kutu ya miaka mia. Msiiguse, msiigonge, msiilete shuleni ili kumfurahisha mwalimu. Wekeni alama mahali pale, mkawaarifu wakubwa na polisi. Sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 nayo haimruhusu mtu kukaa na risasi bila kibali.

Turudi kwenye sanduku letu. Baada ya kujua kuwa ni la mwaka 1943, lilibaki swali la nani alilileta shuleni. Chuma hakikuweza kutujibu. Tulimwendea mzee mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa shule kwa miaka mingi, ambaye sasa amestaafu na anaishi jirani. Tukamwamkia, "Kamwene, baba," akatukaribisha kwenye kigoda. Nilipotaja sanduku alicheka, kisha akanyamaza kidogo.

"Lile ni la baba yangu," akasema. "Alikuwa KAR. Alirudi mwaka 1946 nalo, akiwekea nguo zake. Baadaye shule haikuwa na mahali pa kuweka chaki, panya na unyevu viliziharibu, akanituma nililete."

Nikamwuliza kwa nini miaka yote hiyo hakusema. Akajibu, "Mwanangu, mlikuwa mnasema ni la Mkwawa. Mimi ni nani niwanyang'anye wanafunzi furaha yao? Lakini kila nikipita pale stoo nilijua ni la baba."

Ndugu zangu, maneno hayo yaliniingia. Baba yake alikuwa mmoja wa maelfu ya Watanganyika walioingia jeshini katika Vita Kuu ya Pili, ambao baadhi yao walipelekwa hadi Burma mwaka 1944 na kupita bonde la Kabaw katika mvua za masika ya huko. Sanduku haliwezi kuthibitisha kuwa nalo lilifika Burma, wala mzee hakudai hivyo. Lakini tulikuwa tumemwondoa mtu huyo katika historia ya shule aliyoisaidia, tukamweka mahali pake shujaa ambaye hana haja ya msaada wetu. Fuvu la Mkwawa lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 na liko Kalenga. Jina lake linajulikana na kila mtoto. Heshima yake haiongezeki kwa sanduku la chaki. Heshima ya yule askari ndiyo iliyokuwa inapungua kila tulipolirudia lile neno letu la Lugalo.

Wako wengi kama yeye. Katika Vita Kuu ya Kwanza, risasi nyingi za Northey zililetwa milimani humu kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Meli ya Marie, iliyoleta silaha za Wajerumani katika ghuba ya Sudi mwezi Machi 1916, ilikuwa na shehena iliyofungwa tayari kwa mizigo ya mtu mmoja mmoja. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa njaa na maradhi, na majina ya wengi wao hayakuchongwa popote. Unapoinua sanduku la zamani na kuhisi uzito wake, usiulize tu lilikuwa la bunduki gani. Uliza pia nani alilibeba.

Kamati imekubali. Katika kabati la maktaba kibao kitasomeka hivi: "Sanduku la risasi za 303, Uingereza, 1943. Lililetwa nyumbani na askari wa KAR mwaka 1946, likatolewa zawadi kwa shule kuhifadhia chaki." Jina la askari litaandikwa chini yake, kwa idhini ya familia. Mzee amealikwa siku ya mkutano, naye ndiye atakayefungua kabati.

Nawaomba ninyi mnaokuja mlete vitu vyenu vya kale, pamoja na habari za wenyewe. Na yule ndugu aliyeniuliza nimetumwa na nani, namkaribisha aje tukae naye meza moja, yeye, mimi na mzee.