Kunakili, si kuhamisha

Mtu wa Lushebere, kule Masisi, akiandika ujumbe kwenye simu ya Android, maneno yake hukaa kwanza katika kumbukumbu ya programu. Chini yake mna Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, na kiini chake (kernel) ndicho kinachosimamia mtandao na hifadhi. Kiini hakiamini anwani ya kumbukumbu kinayopewa na programu. Hukagua kama kweli ni ya upande wa mtumiaji, hunakili baiti upande wake, kisha hufanyia kazi nakala hiyo, maana programu ikiachiwa yaweza kubadilisha data baada ya ukaguzi. Katika mwanya huo ndimo wadukuzi hupenyea.

Wengi huandika kwamba data “huhamishwa”. Hapana! Kilichohamishwa hakipo tena kilikotoka. Hapa pande zote mbili hubaki nayo. Kiarabu naqala, asili ya “nakili”, hubeba maana zote mbili, kuhamisha na kunakili. Kiswahili katika “nakili” kimeshika ya pili, na ni hazina. Wenzetu wa Kivu wanaosema “kukopia”, kutoka Kifaransa, nao wamelenga palepale. Walimu wa kompyuta, tafadhali, liacheni “hamisha” kwa kazi yake.